Miguu ya Nyamvula

Katika landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi pale Changamwe, watu walimjua Absalom kwa sababu ya mkewe. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, Mrabai mrefu mwembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa na kugeuza njia za reli pale stesheni. Akitoka kazini alipenda kukaa mlangoni na chai yake ya rangi, awasikilize wengine. Nyamvula ndiye aliyekuwa na sauti, na zaidi ya sauti, alikuwa na miguu. Asubuhi angekwenda Miritini kununua mihogo, na jua halijawa kali mngemwona amesharudi, kapu kichwani, anagombana na mtu kwa kicheko. Kila Krismasi, akina mama wa kanisa walipotoka na kayamba zao kuimba nyumba hadi nyumba, aliyetangulia alikuwa yeye. Tena alitangulia kinyumenyume, uso umewaelekea waimbaji wake, wala hakujikwaa hata siku moja. Watoto walidhani ana macho kisogoni.

Kiharusi kilimpata masika ya mwaka 1962. Alikuwa akifua nguo nje ya nyumba. Jirani alisikia beseni likipinduka, na alipochungulia akamkuta Nyamvula ameketi ndani ya maji ya sabuni, mdomo umekwenda upande, anajaribu kusema kitu ambacho hakikuwa neno.

Kule hospitalini kisiwani alilala mpaka mvua zikapungua. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyelazwa naye kitanda kimoja. Siku ya kumtoa, daktari alimwita Absalom pembeni, akaongea Kiswahili chake cha kukatakata lakini kinachoeleweka. Presha ya mama huyu iko juu sana, alisema. Chumvi aiache, mafuta ayapunguze. Na asilale. Kila siku ainuke, aushughulishe ule mkono, atembee, hata kama analia. Kiungo kisichofanya kazi husahau kazi.

"Kila siku," daktari alirudia. "Hata Jumapili."

Absalom aliitikia kwa kichwa, akamfunga mkewe kwa leso mbili na kumrudisha nyumbani kwa teksi.

Lakini kuambiwa ni rahisi. Siku za kwanza Absalom hakujua aanzie wapi. Akimwinua, Nyamvula analia. Akilia, yeye anamlaza. Aliyemkomboa ni Bi Samiha, mjane wa Kichangamwe aliyekaa kule mji wa zamani, ng'ambo ya reli. Bi Samiha alikuwa mkandaji: wanawake waliojifungua, watoto waliotegua viungo, wapagazi wa bandarini walioumia mgongo, wote walipita mikononi mwake. Alikuja siku moja bila kuitwa, chupa ya mafuta ya uto imefungwa kwenye ncha ya leso.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bi Samiha. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo yu wapi?" Akaingia, akamtazama Nyamvula aliyezungushiwa mito, akatikisa kichwa. "Mbona mumemuweka kama mayai? Ndoo karibu, mwanangu, unishikie hapa. Sikiza nikwambie: huyu ukimuonea imani sana, utamuua."

Basi ikawa hivyo. Bi Samiha alikuja kumkanda, na Absalom alifanya yale mengine. Alipitisha kamba juu ya boriti ya mlango, akafunga kipande cha mti kila mwisho, na Nyamvula akawa anakaa kwenye kigoda chini yake, mkono mzima ukivuta na mkono mgonjwa ukipanda. Alimpa kitambaa kilichosokotwa akibane na kukiachia. Alijifunza kupika, mwanamume yule ambaye hakuwahi kushika mwiko: sima, mchicha uliochemshwa kwa ndimu, samaki wa kuchoma asiyetiwa kitu. Chakula kisicho na chumvi kilimkera Nyamvula kuliko ugonjwa wenyewe. Siku moja alikisukuma kisahani mpaka sakafuni, na akasema neno lake la kwanza lililo wazi tangu aanguke.

"Nyasi!"

Absalom alicheka mpaka akatoka nje kufuta machozi. Siku ile yeye naye aliacha chumvi, wale nyasi pamoja.

Na kila siku walitembea. Mwanzo ilikuwa kutoka kitandani hadi mlangoni, Nyamvula amemshika bega. Kisha hadi kwenye bomba la maji, ambako wanawake walinyamaza kwa heshima walipowaona, wakasogeza ndoo zao. Kulikuwa na siku mbaya. Siku nyingine Nyamvula alimtukana kwa Kirabai, matusi ya zamani ambayo hata bibi zake wangeyaonea haya, na Absalom akawa anajibu tu, "Sawa, mama Agneta. Mguu mwingine." Agneta alikuwa binti yao wa pekee, ameolewa Taveta, naye wakati ule alikuwa mja mzito asiyeweza kusafiri.

Mvua za vuli zilipoanza, Nyamvula alikuwa anafika barabara kuu kwa fimbo, bila kushikwa. Malori ya mafuta yalipita kwa vumbi na kelele, naye akasimama kando akiyatazama kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Maneno yalikuwa yamerudi, mazito kidogo, yakichelewa.

"Krismasi," alimwambia mumewe wakirudi, "nitatoka na wenzangu."

"Kayamba utashikaje?"

"Sitaki kayamba. Nataka kwenda tu. Nyumba moja. Kwa miguu yangu."

Tangu siku ile hakumtukana tena. Ni yeye sasa aliyemwamsha Absalom.

Habari zilifika Rabai kwamba Nyamvula anatembea. Ukoo ukafurahi. Ikaonekana haifai furaha kama ile ipite kimya. Wakakubaliana kwamba Krismasi ya mwaka ule wote wataifanyia Changamwe, wamshukuru Mungu pamoja na mgonjwa wao. Desemba ilipoanza tu wakashuka kwa basi, wakiwa na kuku, nazi, magunia ya mahindi mabichi na mbuzi aliyelia njia nzima. Shangazi mmoja mzee aliingia mlangoni akipiga kigelegele. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema, na nyumba yote ikaitikia kwa kicheko.

Aliyetangulia katika wote ni Nyevu, mdogo wake Nyamvula. Mama yao alikufa Nyevu akiwa bado ananyonya, na Nyamvula, wakati ule msichana mwenyewe, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamlea hadi akaolewa. Nyevu alipomwona dada yake ametoka na fimbo kuwalaki, mdomo bado umepinda kidogo, alitua mzigo wake chini katikati ya njia na kulia.

"Basi, dada," alisema akimkumbatia. "Umetembea vya kutosha. Sasa nimekuja. Sasa zamu yangu."

Na kweli alishika zamu. Dada yake hakuinuka kunawa. Maji yalimfuata kitandani. Hakushika kijiko, Nyevu alimlisha, akimfuta mdomo kwa pembe ya leso yake. Akitaka kwenda nje, Nyevu na mwanamke mwingine walimshika huku na huku wakamchukua juu juu, vidole vya miguu vikigusa ardhi tu. Kigoda kilikaliwa na wageni. Ile kamba ya mlangoni ilitundikiwa nguo za watoto zilizolowa mvua, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kuzianika.

Na vyakula! Nyevu alikumbuka kila kitu ambacho dada yake alikipenda tangu utoto. Alimpikia wali wa nazi wenye tui zito, mahamri, mbuzi wa kukaanga. Alipata mahali fulani ng'onda, yule samaki mkavu aliyekolea chumvi, akamchoma na kumtia ndimu. Nyamvula alipotia kipande cha kwanza mdomoni alifumba macho. Baada ya miezi ya nyasi, alikuwa anakula chakula. Nani angemnyang'anya?

Absalom alijaribu. Lakini Desemba ile kazi ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Meli zilijaa bandarini, kila mtu bara alitaka mzigo wake ufike kabla ya sikukuu, na mabehewa yalipangwa usiku na mchana. Alikuwa akirudi amechoka, anaikuta nyumba imejaa nyimbo na moshi wa mapishi, mkewe ameegemezwa mito katikati ya watu, anacheka. Ilikuwa muda mrefu hajamsikia akicheka vile. Alisimama mlangoni na kusema moyoni, leo wacha.

Siku moja aliipata nafasi, akamwita Nyevu nje, karibu na meko.

"Shemeji, nakushukuru. Lakini daktari alisema chumvi asiile. Na alisema atembee kila siku."

Nyevu alimtazama kama mtu aliyepigwa. "Kwani ninamdhuru?"

"Sikusema hivyo."

"Dada yangu amefanya kazi tangu hajaota maziwa. Hata kuugua, aambiwe afanye kazi? Hata sikukuu?"

Yule shangazi mzee, aliyekuwa akichuna kuku pale pale, aliingilia bila kuinua macho. "Absalom, mwanangu, watu wana midomo. Mgonjwa kunyimwa chumvi na mumewe, kuburutwa barabarani juani kama ng'ombe, hayo tuliyasikia hata Rabai. Tulinyamaza. Usitufanye tuseme."

Absalom alihisi damu ikimpanda usoni. Miezi yote ile, kumbe huko kwao alisemwa hivyo. Aliingia ndani, akamkuta Nyamvula anasinzia, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumgusa mguu.

"Mama Agneta. Twende hata bombani?"

Nyamvula alifungua macho. Alitazama nje palipojaa watu, akamtazama mumewe. "Wataona vibaya," alisema. "Baada ya Krismasi, baba Agneta. Wakishaenda zao, tutaanza tena."

"Na ile nyumba moja?"

"Miguu ninayo. Haikimbii."

Bi Samiha naye alikuja na chupa yake ya mafuta. Alipokewa kwa adabu, akapewa chai na mahamri, akaambiwa mgonjwa amepumzika, hataki kusumbuliwa. Alikunywa chai yake polepole. Alipotoka, Absalom alikuwa akirudi kutoka kazini, wakakutana kwenye reli.

"Wale wampenda," Bi Samiha alisema. "Wallahi wampenda, nimeona kwa mato yangu. Sina la kuwambia. Nyumba ina wenyewe, na mwenyewe ni wewe." Akavuka reli akaenda zake.

Absalom alibaki amesimama. Alijua lile ndilo neno, na alijua wakati wa kulifanya ulikuwa pale pale: aingie, awakusanye, aseme kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa. Akajipanga. Akafika mlangoni, akawakuta wanaomba, wamepiga magoti wote, shangazi anamtaja Nyamvula kwa Mungu huku machozi yakimtiririka. Absalom alivua kofia, akapiga magoti nyuma yao.

Asubuhi ya Krismasi mvua ilikuwa imekatika na njia zilikuwa zimeoshwa. Nyamvula alivishwa gauni jeupe na kufungwa kitambaa kichwani. Akina mama wa kanisa wakaja na kayamba, wakajipanga nje. Nyevu alitaka kumwinua, lakini safari hii Nyamvula aliusukuma mkono wake.

"Niache. Leo niache."

Akashika fimbo, akainuka. Nje waimbaji walinyamaza. Absalom alikuwa amesimama karibu na bomba, na kutoka pale aliuona mguu wa kulia ukitangulia, ukitetemeka kama ukuti, na goti likikunjika kabla halijapata uzito. Nyamvula alishika mwimo wa mlango. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mguu ule uliokuwa umefika barabara kuu, uliozoea vumbi la malori, ulisimama pale kizingitini na kukataa. Alitazama chini, akautazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni.

Wakati fimbo inaanguka, watu wengi walikuwa wamekwisha kumdaka.

"Kiti!" mtu alipiga kelele. "Leteni kiti tumbebe! Malkia wetu hatembei leo!"

Wote wakafurahi kwa wazo lile. Kikaletwa kiti, kikafungwa leso na maua, vijana wanne wakamwinua mabegani. Kayamba zikaanza, vigelegele vikajibu kila upande, na Nyamvula akapelekwa nyumba hadi nyumba juu ya vichwa vya watu, mbele kabisa, mahali pake pa zamani. Watu walitoka milangoni kumpungia. Machozi yalimtoka mfululizo, na kila aliyeyaona alisema, tazama furaha ya mama yule. Nyevu, aliyetembea kando ya kiti akikishikilia, alilia naye kwa furaha.

Absalom alifuata nyuma. Waliposimama kuimba kwenye nyumba ya mwisho, Nyamvula alimtafuta kwa macho mpaka akampata. Aliinamisha kichwa, naye akasogea.

"Wamenibeba," alimwambia kwa sauti ya chini, "kama maiti."

Wageni waliondoka baada ya sikukuu, wakiwa wameridhika, wakiaga kwa mikono yote miwili. Nyumba ilikuwa kimya. Absalom aliifungua ile kamba ya mlangoni, akaitengeneza upya, akaweka kigoda mahali pake, akapika sima na mchicha. Nyamvula alikula bila kusema nyasi. Alipoambiwa twende, alisema kesho. Kesho yake akasema kesho. Hakukasirika, hakutukana, na kutotukana kule ndiko kulikomwogopesha Absalom kuliko yote. Bi Samiha alikuja, akamkanda kutwa, akimsimulia visa vya kuchekesha. Nyamvula alitabasamu kwa heshima.

Kiharusi cha pili kilikuja mwanzoni mwa Januari, asubuhi, akiwa amelala. Hakikuacha hata nafasi ya kwenda hospitalini.

Walimzika Rabai. Baada ya matanga kuondolewa, watu wakiwa wanatawanyika, Nyevu alimfuata Absalom nyuma ya nyumba alikokuwa akikusanya mabenchi ya kuazima. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Alisimama, mikono ameificha ndani ya leso.

"Shemeji, nataka kukuuliza, na unijibu ukweli. Wanasema ni chumvi. Wanasema kama nisingemlaza. Wale wale waliokuwa wakila na sisi ndio wanaosema. Ni mimi?"

Absalom aliweka benchi chini. Kulikuwa na siku, katika zile za tanga, alizolingojea swali hili. Usiku alikuwa amelipangia majibu, moja kali kuliko jingine, na mengine yalikuwa ya kweli. Sasa alimtazama mwanamke huyu aliyewahi kubebwa mgongoni na mkewe, akayaacha yote.

"Daktari aliniita mimi pembeni," alisema. "Wewe hukuwako. Bi Samiha alinisimamisha mimi relini. Mimi ndiye niliyejua, Nyevu. Wewe ulikuwa unalipa deni la upendo, na hakuna aliyekwambia vizuri kwamba halilipwi vile. Niliona haya mbele ya shangazi. Basi. Watu walisema namtesa mke wangu, nami nikaona afadhali wanione mwema."

"Kwa hivyo ni mimi na wewe."

"Labda. Labda pia kingekuja tu. Daktari alisema presha ni mwizi, huja hata kwa mwenye kufunga mlango. Sijui, shemeji. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Nyevu aliketi kwenye benchi lile. Hakulia. Alimwomba amweleze yote, mwanzo hadi mwisho: ile kamba, kile kitambaa cha kubana, bombani, barabarani, matusi aliyotukanwa. Absalom akamweleza. Alipofika kwenye neno nyasi, Nyevu alicheka, na kicheko ndicho kilichomvunja. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na Absalom akabaki amesimama kando yake, hajui aweke wapi mikono yake.

Mwaka ule ule nchi ilipata uhuru, na Desemba ile Changamwe haikulala. Bendera, ngoma, mbuzi waliochinjwa kwa uhuru, na kabla mifupa haijafagiliwa, mbuzi wa Krismasi. Miezi michache kabla, mwenzake Absalom kazini, Mkamba mmoja aitwaye Musyoka, alikuwa amepatwa na kiharusi vile vile, upande wa kushoto. Ndugu zake walishuka kutoka Ukambani kuja kusherehekea na kumwangalia. Nyumba ikajaa.

Absalom alikuwa akienda pale kila siku akitoka kazini. Siku ya kwanza ndugu walimkaribisha. Baadaye walianza kuchoka naye. Walimwona mzee mkavu, asiyekubali nyama, anayekuja kumwinua mgonjwa katikati ya maongezi na kumburuta nje, mgonjwa mwenyewe akilalama. Mara moja alimpokonya Musyoka bakuli la mchuzi mkononi, mbele ya watu, na ndugu mmoja akainuka kwa hasira hadi wengine wakamzuia. Walimsema mlangoni akisikia. Aliyasikia yote, na yalimuuma. Hakuwa mtu aliyezaliwa na ngozi ngumu.

Asubuhi ya Krismasi, akitoka kanisani, alipita tena. Kaka mkubwa wa Musyoka alikuwa ameketi mlangoni na nguo zake mpya, akaupitisha mguu wake kuziba njia.

"Mzee Absalom. Hata leo?"

"Hata leo, ndugu yangu."

"Una roho gani wewe?"

Absalom alivua koti lake la kanisani, akalikunja, akaliweka dirishani, akangoja mpaka yule mtu aliposogeza mguu.